Kubana ringi bila Salim

Leo nimekaa na nyundo mkononi, namngoja marehemu kaka yangu Salim aseme Bismillah.

Kwa gereji yetu hapa Bombolulu, Salim ndiye aliyekuwa akibana ringi za pistoni kwa kibati alichokikata kutoka kopo la maziwa. Akisema Bismillah, nami nagonga kwa mpini wa nyundo, pistoni yaingia kwenye silinda.

Leo ni injini ya kwanza tangu hitima yake. Nimenunua kibanio cha dukani, chakazwa kwa ufunguo.

Nikakaza.

Nikangoja.

"Fundi, wangoja nini?" akauliza mwenye pikapu.

Nikagonga kwa mpini. Pistoni zote zimeingia, hapana ringi iliyovunjika. Sikulia, wala sikufurahi.

Kibanio hiki hakitaki mtu wa pili.

Kesho nina injini nyingine, na kibati cha Salim kipo. Nani aja anibanie?