Sifuri Sitini za Kuluba

Filda Ocokoru ni mwanamke wa Ayivu, pembeni mwa mji wa Arua, na kazi yake ni kuwauliza watu maswali. Mimi Nasiri ndiye mwendesha bodaboda wake. Mwaka jana nilimbeba wiki tatu nzima kutoka Koboko mjini hadi Kuluba, kijiji cha mpakani, na nasema wazi kwamba sijawahi kuona watu wakijiumiza kwa mdomo wao wenyewe namna ile.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Ilitakiwa ramani ya kuonyesha kila kichaka, kijito na bonde linawapa watu nini: maji, kuni, nyasi, dawa, chakula, na kwa kiasi gani. Kamati ya ardhi ingeitazama kabla ya kuamua wapi palimwe, wapi papandwe miti na wapi paachwe kama palivyo. Filda alipewa simu yenye fomu ndani yake. Unafika kwa mtu, simu inashika mahali ulipo, unauliza, unajaza, unaondoka. Kaya zilikuwa sitini.

Tulianza kwa mama yake mdogo, Santa, mjane aliyeolewa Kuluba tangu zamani. Tulimkuta anasuka mkeka wa mafunjo. Mlangoni palikuwa na kikapu cha uyoga, nyuma ya jiko tita la kuni, na juu ya nyumba nyasi mpya alizozibia sehemu iliyokuwa inavuja. Vyote vilitoka bondeni, hatua mia tatu kutoka pale. Filda akamwuliza anapata nini bondeni. Santa akaweka mkeka chini, akakunja uso mpaka akaonekana mgonjwa.

"Hakuna kitu," akasema. "Sisi iko watu ya shida tu."

Filda akamwonyesha kikapu. Santa akasema uyoga ule aliletewa. Kuni je? Alizikuta tu. Filda akanitazama, nami nikaitazama pikipiki yangu.

Kaya ya pili, hakuna kitu. Ya kumi, hakuna kitu. Mzee mmoja alitujibu hivyo huku akichambua miiba ya kambare, na kambare yule hakushuka na mvua. Mimi nimekaa juani, mafuta yanaisha, nasikiliza kijiji kizima kikikana chakula kilichoko mdomoni.

Sababu yao niliijua, kwa maana hata kwetu ni hivyohivyo. Tangu wakimbizi waanze kuvuka mpaka, magari ya misaada hayakauki huku, na kila gari hushusha mtu mwenye maswali. Silvester, jirani yake Santa, aliwahi kusema kwamba ana mbuzi watatu. Akakatwa kwenye orodha ya mabati ya msaada. Kuanzia siku hiyo Kuluba nzima huwa fukara kila simu ya kazi inapotolewa mfukoni.

Filda aliwaeleza mpaka sauti ikamkauka: hatuleti mabati, hatuleti mahindi, hii ni ramani. Wakamwitikia kwa heshima, kisha wakarudia yaleyale. Fomu ilimtaka aandike anachoambiwa, basi akaandika sifuri sitini. Nilimwambia abadilishe mwenyewe, nani atajua? Akanifokea kwamba akianza kubuni majibu, afadhali abaki nyumbani alime mihogo. Alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi.

Baada ya miezi miwili ramani ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya serikali ya sabukaunti. Penye faida palipakwa kijani, pasipo na faida paliachwa peupe. Bonde lilikuwa jeupe pe. Kumbe kuna tajiri aliyeliomba ili alikaushe, apande mikaratusi ya nguzo. Kamati ikaona hakuna atakayeguswa. Kilibaki kikao kimoja tu cha kuthibitisha.

Santa akampigia Filda simu analia, akamwambia kwamba yeye Filda ameuza bonde lao. Filda alinisimulia hayo akiwa amekaa nyuma yangu kwenye pikipiki, na alivyonibana bega kwa hasira nilibaki na alama.

Mwenyekiti wa kamati, Ocama, alimpa wiki moja ya kuhesabu upya. Tukarudi. Safari hii watu walishajua hatari, na sasa, kwa maneno yake, Santa alikuwa akikata mafungu arobaini ya nyasi kwa siku, peke yake, kwa mundu mmoja. Mzee wa kambare naye, eti, alijaza gunia la samaki kila asubuhi, kwenye maji yasiyofika magoti. Filda akazima simu, akakaa chini kwenye vumbi.

"Nyinyi watu," akasema polepole, "mutaniua."

Kesho yake hakumwuliza mtu chochote. Aliazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa maharage, akaifunga kwenye mti ulio kwenye njia ya kupandia kutoka bondeni, akakaa hapo na daftari. Wanawake walidhani ni kodi, wakapita kwenye miiba kumkwepa. Mchana Santa akapanda na nyasi zake, akasimama kitambo, kisha akatundika mzigo kwenye ndoano. Nadhani ni aibu iliyomsukuma. Wengine wakamfuata, na kwa siku nne Filda akapima nyasi, kuni, uyoga, samaki, mafunjo, hata madumu ya maji.

Siku ya kikao Ocama aliziweka karatasi mbili mezani. Akauliza aamini ipi, ile yenye sifuri au hii yenye kilo. Akasoma jina la kwanza kwenye ile ya sifuri, akamwomba Santa asimame.

Sasa, kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa bwana wa orodha mpya ya mabati, aliyekuja kwa shughuli zake. Santa alikuwa wa tatu kwenye orodha, na paa lake lilikuwa limeanza kuvuja tena. Alimtazama bwana yule, akamtazama Ocama, akamrudia bwana yule. Nilitaka kupiga kelele.

"Ile ya kwanza nilidanganya," akasema mwishowe. "Nyasi, kuni, uyoga, maji, yote mimi natoa kule. Andika." Kisha akageuka nyuma. "Na wewe pia andika."

Bwana yule aliandika kweli. Bonde likapakwa kijani, tajiri akaambiwa atafute kwingine, na jina la Santa likafutwa kwenye orodha ya mabati. Majirani waliokaa kimya siku ile, Silvester akiwemo, walipata mabati yao, na bado wanashuka bondeni kila asubuhi kama kawaida.

Nilipompeleka Filda kumsalimia mama yake mdogo kiangazi hiki, alinung'unika njia nzima, akawatukana Silvester, fomu, bwana wa mabati na mimi kwa kuendesha vibaya. Tulipofika hakukaa hata kunywa maji. Alifunga kanga kiunoni, akachukua mundu, akashuka bondeni kukata nyasi za kuezeka. Alipopanda na mzigo wa kwanza, Santa alikuwa anamngoja njiani na ile mizani, ambayo mnunuzi hakuirudia.

"Pima kwanza, mtoto yangu," akamwambia.

Filda akatundika mzigo. Ulikuwa kilo kumi na tisa, akaziandika.