Zamu Yangu ya Theluji

Theluji ya Brussels si nyingi. Ndugu zangu wa Lubumbashi wakinipigia simu Januari hudhani tumefukiwa hadi magotini, lakini majira ya baridi hapa ni manyunyu na mawingu mazito, juma baada ya juma, taa za magari zikiwaka hata saa nane mchana. Theluji huja mara chache, hukaa siku moja, na kufikia jioni imekuwa uji mweusi kando ya barabara. Labda ndiyo maana nazikumbuka karibu zote. Nakumbuka ya kwanza, niliyotoka kuitazama nikiwa na ndala miguuni, nikawapigia dada zangu huku nacheka. Nakumbuka ile iliyosimamisha mabasi ya Chaussée d'Ixelles, tukatembea wote katikati ya barabara kama watu wanaotoka misani. Na nakumbuka moja ambayo ningependa kuisahau.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunakaa ghorofa ya kwanza ya nyumba ya zamani katika mtaa wa Ixelles. Chini yetu aliishi mama mmoja Mbelgiji, mjane aliyekwisha kupita miaka themanini. Kila mkazi wa hapa anatakiwa aondoe theluji kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba yake, kwa hiyo yule mama alikuwa amepanga zamu, akaziandika kwa mkono na kubandika karatasi karibu na masanduku ya barua: juma moja yeye, juma moja sisi, juma moja watu wa juu. Koleo na ndoo ya chumvi vilikaa chini ya ngazi. Alikuwa mkali kuhusu ile karatasi. Lakini mwaka mimba yangu ilipotoka, huyohuyo mama aliniletea supu siku tano mfululizo. Aliiweka mlangoni, akagonga mara moja, akashuka kabla sijafungua, ili nisilazimike kuonana na mtu.

Asubuhi ninayoisema, mume wangu alikuwa kitandani na homa. Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali kubwa ya Jette, upande wa pili wa jiji, na kazi ilianza saa moja. Nilifungua pazia nikaona paa zote nyeupe.

"Iko theluji?" mume wangu akauliza.

"Iko mingi."

"Bon. Juma hii ni yetu, hein."

"Minajua. Weye usitoke na ile homa. Nitasafisha wakati nitarudia."

Pale mlangoni nilisimama kidogo. Ingenichukua robo saa. Lakini mkubwa wangu wa kazi alikuwa amenionya juu ya kuchelewa, na nilijua tramu zingekwenda polepole. Pia, niseme ukweli, sikutaka kuinama kwenye baridi ile nikiwa na usingizi machoni. Nikajiambia kwamba saa hizo nani atapita. Nikaenda zangu, nikikanyaga theluji ambayo haikuwa imekanyagwa na mtu.

Saa nne, wakati wa mapumziko, mume wangu akanipigia.

"Maman wa chini alianguka."

"Wapi?"

"Ku trottoir, mbele ya mulango. Balimubeba na ambulance. Alikuwa analia, anashika huku, ku nyonga."

Katika wodi yangu tulikuwa na wanawake wanne waliovunjika nyonga. Nilikuwa nimewaogesha wote asubuhi hiyohiyo. Nilijua jinsi wanavyoshika mkono wako unapowageuza, na nilijua ni wangapi hurudi kukaa peke yao. Nilirudi wodini nikatandika vitanda.

Niliporudi nyumbani, njia ya miguu ilikuwa safi. Watu wa juu walikuwa wameifagia na kumwaga chumvi.

Siku tatu baadaye nilikwenda kumwona hospitalini alikolazwa, nikiwa na machungwa. Binti yake alikuwepo, mwanamke wa makamo aliyesafiri kutoka Liège. Yule mama akamwambia, "Huyu ndiye jirani yangu niliyekueleza. Mwema sana." Binti akanishika mikono yote miwili. Nilikuwa nimekuja niseme ukweli, nikashindwa. Nilimenya chungwa, nikampa kipande kimoja kimoja, nikaondoka. Sikuweza kwenda nyumbani moja kwa moja. Niliingia Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika, nikakaa katika saluni ya mwanamke wa kwetu, vioo vimejaa ukungu, wasusi wakipiga soga, mpaka akaniuliza kama nataka kusuka au nimekuja kuota moto tu.

Yule mama hakurudi nyumbani. Walimpeleka kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nilikuwa nikimtembelea kila Jumamosi. Mwezi Machi, siku ya mvua, alipokuwa anakunywa kahawa, nikasema bila kujiandaa:

"Madame, juma lile lilikuwa zamu yangu."

Alikiweka kikombe chini taratibu.

"Najua. Si mimi niliyeandika ile karatasi?"

"Niliondoka bila kusafisha."

"Nilikuwa dirishani nikakuona unapita. Nikasema, huyu amechelewa kazini, acha nimfanyie. Nilitoka na koleo."

Nilikuwa nimedhani asubuhi ile alikuwa anakwenda kununua mkate. Miezi miwili niliamini hivyo, na hata hilo lilikuwa limenilemea. Nilianza kulia. Hakunifariji. Alitazama magari yaliyolowa pale chini, kisha akasema, bila ukali, "Sasa umeshasema. Usiniambie tena." Tukazungumza juu ya kahawa, kwamba kule wanaitia maji mengi.

Nilimweleza mume wangu jioni hiyo. Akasema, "Kumbe mimi pia nilikuwa mu nyumba."

Yule mama alifariki kabla mwaka haujaisha, kwa kichomi. Kanisani tulikuwa watu tisa. Binti yake aliniomba nikae mstari wa mbele pamoja naye, nikakaa. Baadaye, kwenye mvua, aliniambia kwamba mama yake hakuwahi kulalamika, alisema tu kuwa aliteleza, na kwamba yeye binti analala vizuri zaidi akijua kulikuwa na mtu wa karibu aliyemjali. Niliitikia kwa kichwa nikasema asante.

Tulihama nyumba ile. Binti bado hunitumia kadi kila Desemba, na ndani yake huandika shukrani zilezile. Huwa namjibu ndani ya juma moja. Namwandikia habari za afya, za hali ya hewa na za kazi. Lile jambo lenyewe sijamwandikia.