Vidonge vya Misuli na Maziwa ya Kuluthumu

Wiki tatu kabla mwanangu hajafa, watu wa Kwihara walikuwa wananipongeza kwa jinsi alivyonenepa.

Sitanii.

Mashavu yalikuwa yamejaa. Miguu imejaa. Ngozi imeanza kuwa nyeupe. Hata nywele, zile alizozaliwa nazo nyeusi ti, zilikuwa zimelainika na kuingia wekundu fulani hivi.

"Lukumani, mwanao anageuka Mwarabu!" alinitania Mama Anselm, jirani yetu. "Hongera, baba. Unamlisha nini huyu?"

Nikacheka. Tena nilicheka kwa maringo.

Naandika haya kwa kidole kimoja, miwani imeniteremkia puani. Jana nilimkuta kijana humu mtandaoni anauliza: wakuu, hizi amino zinasaidia kweli misuli ikichoka, au tunapigwa? Watu kibao wamemjibu, kila mtu daktari. Mimi nilishindwa kumjibu kwa mstari mmoja.

Kijana, mimi nilimeza amino baba yako akiwa bado anatambaa. Vuta kiti.

Ilikuwa mwaka sabini na tano. Kijiji kilikuwa kimeshapangwa upya, nyumba zimesogezwa barabarani, tuna shamba la pamoja na kengele ya kwenda shambani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa na mbio.

Nisijifanye mnyenyekevu. Nilikuwa na mbio hasa. Kwenye mashindano ya mkoa, mita elfu kumi, nilimaliza, nikavaa suruali yangu, ndipo wa pili akaonekana. Nikaambiwa mwezi wa pili niende Dar es Salaam kwenye mchujo wa taifa.

Basi kichwa kikavimba. Nilishaanza kusikia jina langu redioni.

Tatizo lilikuwa miguu. Nikijituma leo, kesho mapaja yamekaza, hata kuchuchumaa siwezi. Nikamweleza Mzee Nasor.

Mzee Nasor alikuwa Mwarabu mwenye duka mjini Tabora, jirani na soko. Babu yake alifika na msafara kutoka pwani, akaoa, akabaki. Rafu zake zilikuwa kama za maduka yote ya wakati ule: chumvi, viberiti, na yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanariadha. Mbona unachechemea?"

Nikamwambia. Akaingia ndani, akarudi na kopo la vidonge. Lilikuwa na picha ya mzungu aliyevaa chupi, kifua kimetuna utadhani amemeza jiwe la kusagia.

"Mpwa wangu kaleta kutoka Maskati," akasema. "Hivi vinaitwa amino. Wanariadha wa huko wanameza hivi. Msuli ukichoka jioni, asubuhi umepona. Ninayo makopo sita."

"Mzee, mimi hela nitatoa wapi?"

"Hela nikafanyie nini, wakati hakuna cha kununua? Mke wangu, Bibi Fakhria, analia kila siku, hajaonja chai ya maziwa toka mfungo. Si una ng'ombe kule Kwihara?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wala sikusikia yakiharibika.

Ng'ombe yule hakuwa wangu. Alikuwa wa mkwe wangu, Mzee Mabruki wa Puge. Mwanangu Kuluthumu alipozaliwa, mzee alimswaga ng'ombe mwenyewe kwa miguu mpaka kwetu. Kwetu ni kawaida mtu mwenye mifugo kumkabidhi mwenzake ng'ombe amtunze. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, maziwa anakunywa mtunzaji. Lakini yeye aliongeza neno.

"Mkwe, maziwa haya si yako, wala si ya binti yangu. Ni ya mjukuu wangu. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Nilisikia kweli. Mbele za Mungu, nilisikia.

Sasa, ng'ombe wetu hawa wa kienyeji hawana maziwa ya kujaza pipa. Alitoa chupa mbili kwa siku, siku akiwa amefurahi. Na wakati ule ule mke wangu, Sikuzani, alikuwa amepata mimba nyingine. Kwetu mtoto hanyonyi ziwa la mimba. Kuluthumu, mwaka mmoja na miezi minne, akaachishwa.

Kwa hiyo mtoto alikuwa na chupa mbili tu duniani. Na mimi nikaanza kuzibeba kwenda mjini.

Kila asubuhi nilijifunga kibuyu mgongoni, nikakimbia maili sita. Niliona nimepiga ndege wawili kwa jiwe moja, mazoezi na biashara. Nilikimbia kwa nguvu mpaka Bibi Fakhria akalalamika maziwa yanafika yana siagi.

Vilifanya kazi?

Sijui. Nilijiona simba. Mapaja yalipona haraka, pumzi ikawa ndefu. Lakini pia nilikuwa kijana, tena nilipakuliwa kwanza. Maharage yakipatikana, yangu. Kuku akichinjwa, mimi ndiye mwenye nyumba, firigisi yangu, paja langu. Mtoto alipewa uji wa muhogo na mchuzi uliobaki.

Na cha kuchekesha, kama kuna wa kucheka, mwaka ule redio ilikuwa inatufundisha lishe. Tulikaa kikundi tukasikiliza: vyakula vya kujenga mwili, maziwa, mayai, kunde. Mimi ndiye niliyekuwa nawasomea wenzangu kitabu, kwa sababu nilimaliza la saba. Nilikuwa nasoma huku najipapasa mapaja.

Sikuzani alijaribu.

"Baba Kulu, leo tumwachie mtoto hata kikombe."

"Mama Kulu, ni mpaka mwezi wa pili tu. Nikichaguliwa, huyu mtoto atakunywa maziwa mpaka ayachoke."

"Hachezi siku hizi."

"Ametulia. Wewe ulitaka mtoto mtukutu?"

Akarudi kukoroga uji wake.

Halafu nywele zikabadilika, utani wa kijijini ukazidi, na mimi mjinga shetani akanipitia. Jioni moja nikamshika mtoto kichwa, nikauliza, "Hizi nywele amezitoa wapi?"

Sikuzani aliacha kusonga ugali. Mwiko ukabaki umesimama kwenye sufuria.

"Unapeleka maziwa ya mwanangu kwa Mwarabu kila siku," akasema taratibu, "halafu unaniuliza mimi nywele za Kiarabu zimetoka wapi?"

Nilinuna wiki nzima. Sikumtazama yeye, sikumtazama mtoto. Wakuu, wiki ile ndiyo tuliyokuwa tunaihitaji.

Siku ya nane nilikuwa natoka mjini, nimeshafikisha maziwa, kibuyu kitupu kinadunda mgongoni. Kwa mbali nikaona mwanamke anakuja, tumbo mbele, mtoto mgongoni. Alikuwa mke wangu. Ametembea nusu ya njia bila kumwambia mtu.

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali."

Nikamchukua mtoto. Ngozi ya miguu ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Hakulia. Nikageuka, tukaenda wote.

Aliyetupokea alikuwa muuguzi mmoja, Sista Imakulata. Hakuuliza mengi. Alimkalisha Kuluthumu, akambonyeza mguu kwa dole gumba, akaachia.

Shimo likabaki.

Nililitazama lile shimo nikisubiri lijae. Halikujaa.

"Huu si unene, baba," akasema. "Ni maji. Anakula nini?"

"Uji wa muhogo," Sikuzani akajibu.

"Maziwa?"

Sikuzani akanigeukia. Aliniachia mimi nijibu.

Nami badala ya kujibu, nikatoa kopo mfukoni. Nisameheni, nilidhani ninasaidia. "Sista, nina dawa hii ya kujenga misuli. Kali sana. Tumpe hii?"

Akalipokea, akasoma maandishi ya Kiingereza nyuma, yale madogo ambayo mimi sikuwahi kuhangaika nayo. Akasoma mara mbili.

"Nani kakupa?"

"Nimebadilishana."

"Na nini?"

"Maziwa."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo.

"Hivi vidonge vimetengenezwa kwa maziwa," akasema. "Maziwa ya ng'ombe. Wameyakausha, wakayachakata, wakayashindilia humu. Umetoa maziwa ukapewa maziwa, baba. Kidogo kuliko uliyotoa."

Nyuma yangu Sikuzani alitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyejikwaa.

"Basi nitakwenda kuleta ya nyumbani," nikasema. "Sasa hivi. Nina mbio, Sista. Maili sita kwangu si kitu."

"Maziwa hapa tunayo. Tumbo lake ndilo limechoka kuyapokea. Tutampa kwa kijiko, kidogo kidogo. Tuombe Mungu."

Miguu yangu ilikuwa na afya kuliko miguu yote ya Tabora, na hapakuwa na mahali pa kuipeleka. Nikakaa kwenye benchi.

Siku tatu alipewa kijiko kwa kijiko. Siku ya kwanza alitapika. Siku ya pili yalikaa, tukaanza kutabasamu. Siku ya tatu asubuhi, wafagizi wakiwa wanamwagia maji ukumbi, Kuluthumu alishusha pumzi na hakuivuta tena.

Tulimzika Kwihara alasiri ile. Mzee Nasor alikuja, akalia kwa dhati, akanishika mkono. Hakujua. Sikumwambia. Ningemlaumu kwa lipi? Yeye alitaka chai tu.

Mzee Mabruki alifika siku ya tatu ya msiba, kwa miguu, kama alivyokuja mara ya kwanza.

"Shikamoo, baba."

Akaipokea shikamoo yangu. "Marahaba." Kisha akaenda zizini, akamfungua ng'ombe wake. Hakunitukana. Nilimsubiri anitukane, nilitamani anitukane. Alisema tu, "Sikuzani, mwanangu, twende."

Sikuzani alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye khanga. Akapita mbele yangu na lile tumbo, akamfuata ng'ombe. Wakashika njia ya Puge, mzee, ng'ombe, na mke wangu, mpaka vumbi likatua.

Mtaniuliza, je, Dar ulikwenda?

Nilikwenda. Nisemeni mnavyotaka. Nyumba ilikuwa tupu na tikiti ya treni ilikuwa mezani. Nilitoka wa tisa. Walichagua watatu.

Mtoto wa tumboni alizaliwa kule Puge, wa kiume. Nasikia alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe yule yule. Leo anakaribia miaka hamsini, ana wajukuu. Nilimfuata mara nne. Ananisalimia vizuri, ananipa kiti, ananiita "mzee Lukumani". Baba hajawahi kuniita, na mama yake alifariki bila kunitamkia neno.

Kijana uliyeuliza, sijui kama amino zinasaidia. Pengine zinasaidia. Mwili ni wako, meza.

Ila kabla hujanunua kopo, nenda kafunue sufuria ya nyumbani kwako, uangalie nani anakula mwisho, na anabakiwa na nini. Mimi sikufunua.