Kisu Chenye Mlio Mtamu

Nahodha aliniambia nije Jumatatu na kisu cha kukunja, kwa sababu baharia asiye na kisu ni abiria tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mwaka mzima nilizunguka mji wa Kisumu nikiomba kazi za ofisini ambazo, kusema kweli, sikuzitaka. Nilichotaka ni boti ile. Ilikuwa ya injini, ikinunua samaki pwani ya Uyoma na kuwaleta mjini, na nahodha alikuwa amenipa safari moja ya majaribio. Nikimpendeza, kazi ni yangu.

Jumamosi nikaingia duka la Mhindi mmoja, njia ya kwenda Kibuye. Akanitolea visu vitatu, akavipanga juu ya kioo cha kaunta. Cha kwanza kilikuwa na mpini wa pembe, kizuri kama pambo, lakini kigumu mno, kilinivunja ukucha. Cha pili kilikuwa na kizibuo na bisibisi ndani yake, nacho kilifunguka kimya, bila raha yoyote. Cha tatu kilikuwa cha mpini wa mti, na pete ndogo ya chuma mgongoni. Ukilivuta bapa lake linapanda jino kwa jino, krrr! Ukivuta pete linaachia, unalirudisha ndani, tap! Nikakifungua. Nikakifunga. Nikakifungua tena.

"Kijana, hiyo si redio," mwenye duka akasema.

"Napima springi, Bwana."

Nyuma yangu alisimama mama mmoja Mkikuyu, muuza vitunguu, akingoja kununua kibiriti. "Muuzie upesi," akasema, "kabla hajakiposa."

Nimepita umri wa miaka arobaini sasa, nimeishi katika miji mingi, na bado mikono yangu haijui kutulia. Wengine huvuta sigara. Mimi hutafuta kitu cha kufungua na kufunga. Siku ile sikuuliza kama chuma ni kizuri wala kama kinashika makali. Nilinunua mlio.

Jumatatu kisu kililia mfululizo hadi Uyoma. Fundi wa injini, aliyekuwa ameketi karibu nami, hatimaye akachoka. "Omera, ndugu yangu," akasema, "unakata nini, upepo?"

Tulipokuwa tukirudi na shehena ya samaki, wavu uliotupwa ulijizungusha kwenye propela na injini ikazima. Nahodha akavua shati na kujitosa majini. Muda si muda kichwa chake kikaibuka nyuma ya boti.

"Kisu!"

Nikakimbilia nyuma, kisu kikiwa wazi. Sasa, kwetu kisu hakitolewi mkono kwa mkono. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota mwenyewe, ugomvi usije ukaingia kati yenu. Mama alinichapa kwa jambo hilo kabla sijajua kuhesabu. Kwa hiyo, ingawa nahodha alikuwa amenyoosha mkono, nilikiweka kwa adabu kwenye ukingo wa boti. Likaja wimbi dogo, wala halikuwa na haraka. Kisu kikateleza, kikazama.

"Kiko wapi?"

"Nimekiweka, Mzee."

"Umemwekea nani?"

Fundi akatoa panga kuukuu chini ya injini, na nahodha akahangaika nalo karibu saa nzima, akipanda kuvuta pumzi na kuzama tena. Jua likawapiga samaki. Mwishowe injini ikawaka, tukarudi hadi gatini. Nikapakua vikapu vyote peke yangu, nikijua kwamba ndiyo kwaheri.

Nilipomaliza, nahodha alikuwa anakamua suruali yake. "Nani alikufundisha kuweka kisu chini?"

"Mama."

"Hata mimi nilifundishwa na mama." Akaikung'uta suruali. "Lakini ziwani hakuna chini. Ukiombwa kisu, nipe mkononi. Tukigombana, tutagombana nchi kavu."

Nikapangusa magamba ya samaki mikononi.

"Tafuta kingine," akasema, "na ukifunge kwa kamba. Alhamisi tunakwenda kisiwa cha Mfangano. Umewahi kufika?"

"Bado, Mzee."

"Basi njoo na blanketi. Kule tunalala."

Nilitembea kwa miguu hadi Nyamasaria, nilikopanga chumba, nikinuka samaki na kuwasalimu watu nisiowajua. Njia nzima nilikuwa nikifikiria ni nani angeniazima blanketi.