Mama Hakukosea

Mama yangu aliungua mkono wa kulia Jumamosi moja mchana, akipika maharage kwenye presha kuka ya umeme tuliyomnunulia mimi na dada yangu. Mfuniko ulifyatuka wenyewe. Maharage yalirukia hadi darini, na ngozi yake ikababuka kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko.

Alipopata nafuu aliifunga ile sufuria kwenye kanga, tukatoka kwetu Endamarariek hadi kwenye duka tulikoinunua, Karatu mjini. Mwenye duka aliigeuzageuza, kisha akasema mbele ya wateja, "Mama, umeifungua kabla ya muda. Nyie akina mama wa vijijini hamsomi maelekezo."

Mama ndiye husoma masomo kanisani kwetu. Aliifunga tena sufuria kwenye kanga, tukaondoka. Njiani, naona aibu kukiri, nilianza kujiuliza kama kweli aliifungua.

Miezi ikapita. Halafu redio ikatangaza kwamba presha kuka zote za aina ile zirudishwe, kwa kuwa kufuli la mfuniko lina hitilafu. Majirani waliokuwa nazo walizozana. Wengine walisema ni ujanja wa kuwanyang'anya vyombo vyao. Jirani yetu wa karibu aliificha yake chini ya kitanda. Alisema hawezi tena kushinda akichochea kuni ili makande yaive. Mama alizima redio, akatamka kwa Kiiraqw maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Siku ya kurudisha mama alinilazimisha niende naye. Watu walijaa nje ya ofisi ya kata. Hata yule jirani alikuja na yake. Mwenye duka alikuwa akizipokea na kuzipanga kwenye gari. Ilipofika zamu ya mama, aliikumbatia sufuria yake.

"Weka hapo, mama."

"Siweki. Kwanza waambie hawa nani alikosea."

"Si imeshatangazwa redioni?"

"Redio haikunidharau. Ulinidharau wewe."

Mtendaji wa kata alimwomba apishe wenzake. Mama alipandisha mkono wa gauni, kovu likaonekana lote, wala hakusogea. Nyuma yake jirani yetu akaketi kwenye nyasi, sufuria mapajani. Mwingine akaketi, na mwingine, mpaka foleni nzima ikawa chini.

Mwenye duka alijifuta jasho. "Mama hakukosea," alisema kwa sauti ya chini.

"Wa kule nyuma hawajasikia."

Akarudia, safari hii kwa nguvu: mfuniko ulitoka kiwandani ukiwa mbovu, na yeye alimsingizia mteja wake. Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliipeleka sufuria mwenyewe hadi kwenye gari, akaitua kwa kishindo.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi nilimshuku.

"Nilijua," alisema bila kupunguza mwendo. "Unafikiri kwa nini nilikulazimisha uje?"