Kitabu Kilichokaa Sandukuni

Kitabu kimoja cha programu mpya ya kufundishia hesabu kilinipotezea mtu pekee niliyekuwa nikiongea naye hapa Bunia. Nasema kitabu, lakini kosa lilikuwa langu.

Alikuwa mama mwalimu wa mwaka wa tatu. Mimi nilifundisha mwaka wa nne, tukitenganishwa na ukuta mmoja. Mke wangu na watoto walikuwa Mambasa kwenye shamba la baba mkwe, nami nimepanga chumba mtaa wa Bigo, napika ugali wa mtu mmoja. Kwa hiyo mapumziko ya asubuhi ndiyo yalikuwa maongezi yangu ya siku nzima. Yeye alileta mihogo ya kuchemsha, mimi karanga, tukakaa mlangoni kwake. Alinizidi umri kwa mbali na alinitania bila huruma, hasa kuhusu mashati ninayopiga pasi mwenyewe.

Kisha direkta, mkuu wa shule yetu, akanituma kwenye mafunzo ya wiki mbili ya programu hiyo. Shule ilipewa nafasi moja na kitabu kimoja. Nilivimba kichwa, niseme ukweli. Nilikifunika kitabu kwa plastiki nikakifungia sandukuni, chini ya suti yangu ya harusi, kisichafuliwe na mikono yenye chaki. Nilisubiri kikao cha walimu, kile ambamo mmoja wetu hufundisha somo la mfano na wengine wote hukaa kwenye madawati ya watoto, wakijifanya wanafunzi, kisha humkosoa. Nilitaka siku hiyo iwe yangu. Kikao kikaahirishwa, mara direkta mgonjwa, mara mji hauna utulivu, na mwaka wa shule ukaisha kitabu kikiwa palepale.

Septemba nikapokea watoto wake. Zamani kugawanya kulianzia mwaka wangu. Programu mpya ilikuwa imelisogeza somo hilo hadi mwaka wa tatu. Niliandika gawanyo la kwanza ubaoni, darasa zima likanikodolea macho.

Kikao kilipofika hatimaye, nilifundisha vizuri, na sifa zikanilewesha. Nikafungua kitabu, nikasoma kwa sauti mahali panaposema watoto wa mwaka wa tatu wafundishwe kugawanya. Nikaongeza kwamba wanaopanda kwangu hawajui. Mama mwalimu alikuwa dawati la mbele, magoti yamemfika kifuani, bado ni mwanafunzi wangu.

"Mwaka muzima hii kitabu ilikuwa kwako ndani ya sanduku," akasema polepole. "Leo ndio unanipima nayo, mbele ya wenzetu?"

Habari za sanduku nilimpa mimi mwenyewe, nikijisifu. Tangu mwaka uliotangulia darasa lake lilikuwa likipokea watoto waliokimbia vita vya Djugu, benchi la watatu likikaliwa na watano, na wengine alikuwa akiwafundisha kushika kalamu. Nilijua yote hayo. Nilikuwa nikiyasikia kupitia ukutani.

Kesho yake nilimpelekea kitabu. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akanakili sehemu yake wiki nzima, akakirudisha plastiki haina hata mkunjo. Tangu hapo, saa ya mapumziko hutoka nje watoto tu. Yeye hubaki ndani akisahihisha. Mimi hukaa mlangoni kwangu na karanga zangu, na shati hata likiwa na mikunjo hakuna wa kunisema. Ni upweke, sina jina lingine la kuupa. Nilimwomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili aliniambia hakuna shida.

Mwaka huu nimepokea darasa jingine kutoka kwake. Niliandika ubaoni: vijiti kumi na saba, watoto watano. Mikono ikainuka chumba kizima. Msichana mmoja alikuja mbele, akachora duara tano, akagawa vijiti kimoja kimoja akizunguka, mpaka vikabaki viwili vya pembeni. Kwenye kitabu njia hiyo haimo. Ni ya mama mwalimu.

Furaha ilinizidi. Niliwaachia watoto zoezi nikaenda kusimama mlangoni kwake. Nikamwambia wanajua, wote, hata wale wa Djugu. Nikamwambia asante.

Aliniangalia na chaki mkononi, kama anavyoangaliwa inspekta wa shule.

"Ndio vile programu inaomba, mwalimu," akasema, na akarudi ubaoni.