Mtambo wa Kushoto wa Verlin Stidham

Watu wote wa mkono wa kulia, yaani nyinyi wenye dunia, na mikasi yake, na vitasa vyake, mnaarifiwa kwa unyenyekevu kwamba Bwana Verlin Stidham, fundi bomba mstaafu wa milima ya Kentaki, mgane mwenye kuku saba na redio moja, anaunda gobori la mashoto. Simameni.

Kitako alikwisha kukichonga kwa mbao ya mepo, pa kuegemeza shavu akapaweka kulia. Mtutu aliupata kwa mjane mmoja, kwa malipo ya kumfufulia pampu ya kisima. Kifyatulio hakina ubaguzi, hukubali kidole chochote. Kilichokosekana ni mtambo wenyewe, ule wenye nyundo ya kugonga fataki, ambao mafundi tangu Adamu huuweka kulia. Mtu wa kulia, fataki humpasukia mbali. Verlin ilimpasukia shavuni miaka arobaini, na daktari wa macho alishamwonya: kibanzi kimoja zaidi, jicho kwaheri.

Basi ilikuwa ni mtambo wa kushoto, au asiende tena kulenga shabaha Jumamosi. Na tangu mkewe Oneida afariki, kitu pekee kilicholitaja jina la Verlin kilikuwa kipaza sauti cha chama cha magobori.

Hata huko alisimama peke yake. Walengaji wa kulia huelekea upande mmoja, kila mtu na kisogo cha mwenzake. Mashoto huelekea upande wa pili, kwa hiyo walimweka mwisho kabisa kushoto, akitazamana na vichaka. Zamani Oneida alisimama pale na darubini: "Juu kidogo, mpenzi. Unalenga shabaha au unatafuta bata?" Sasa vilibaki vichaka.

Akampigia simu muuza vipuri, mara ya kumi na moja.

"Mzee Stidham! Nilikuwa nao mmoja tu, mwaka jana. Ulichukuliwa, tena na mtu wa huko huko kwenu. Quillen."

Verlin alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hobart Quillen? Mlengaji mbovu kuliko wote chamani, aliyewahi kuliua birika la kahawa la mwenyekiti? Tena wa kulia!

Alimkuta barazani kwake, anakula mkate wa mahindi kwa mkono wa kushoto. Hobart akashtuka, akauhamishia kulia, makombo yakamwagika.

"Kumbe na wewe!"

"Shika adabu, Verlin. Mwalimu alinichapa rula vidoleni mpaka nikawa wa kulia."

"Hukuwa wa kulia, ndugu yangu. Ulikuwa wa kukosa."

Hobart alicheka kidogo. Aliingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya nguruwe. Mtambo ulikuwa humo, umezungushiwa soksi, nyundo upande wa kushoto, haujaonja hata fataki moja.

"Mwaka mzima nautazama tu. Nina miaka sabini na tatu. Nitawaambia nini wale wa chama?"

"Waambie umepata kiharusi."

"Mtambo ni wangu," alisema Hobart. "Lakini bunduki itakuwa ya wawili."

Verlin alikuja kununua, hakuja kugawana. Alilitazama kopo, akautazama mlima, akakosa pa kutazama tena.

"Mdeki wa kushindilia baruti nabeba mimi," alisema.

Oktoba ikafika. Mwenyekiti akakohoa kwenye kipaza sauti kama askofu.

"Mabibi na mabwana! Kwa mara ya kwanza katika historia ya chama chetu, mwisho wa kushoto wamesimama mashoto wawili kwa bunduki moja! Bwana Stidham, baada ya upweke wa miaka yote hii, hebu waeleze wananchi: unajisikiaje moyoni?"

Verlin aligeuka. Pale pa Oneida alisimama Hobart, kaishika darubini nyuma mbele.

"Huyu anakohoa nikilenga."